Kung'oa Dalia Mountain View

Siku ya Ijumaa, 28 Julai 2023, nilipokuwa nikifunga majalada ofisini ili nirudi nyumbani, shangazi yangu alinipigia simu kutoka Mountain View. Hakusema mengi. Alisema kwamba nyumba imekwisha kuuzwa, kwamba aliyeinunua ataibomoa mwezi wa Septemba ili ajenge ghorofa, na kwamba yeye atahamia Kinangop kwa kaka yangu kabla ya Agosti kwisha. Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Na maua ya mama yako, mwanangu, je, tutawaachia wenye matingatinga?"

Sikuwa na jibu la haraka. Miaka mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha kuyaua maua hayo hayo kwa mikono yangu, kama nitakavyoeleza, wala sikutaka kuyaua mara ya pili.

Wasomaji wanaokaa Nairobi wanaifahamu Mountain View, lakini kwa ajili ya walio mbali nitasema kidogo. Mtu akitoka katikati ya mji hupanda matatu ya kuelekea magharibi, akapita Westlands, kisha akafuata Barabara ya Waiyaki, iliyopewa jina la Waiyaki wa Hinga, yule kiongozi wa Wakikuyu aliyekamatwa na watu wa Kampuni ya Kiingereza akafa Kibwezi mwaka 1892. Safari ni ya kiasi cha kilometa 10 au 11. Kwanza utaifikia Kangemi, penye soko, kelele, moshi wa mahindi ya kuchoma na watu wengi kuliko njia. Kisha mbele kidogo, kana kwamba mtu amefunga mlango nyuma yako, unaingia katika mtaa wa nyumba za chini zenye ua wa michongoma na miti mirefu. Hapo ndipo Mountain View. Jina lake lasema kwamba mlima huonekana, nalo si uongo mtupu, kwa maana asubuhi ya anga safi mtu akitafuta mahali palipoinuka huiona milima ya Ngong upande wa kusini-magharibi. Siku hizi ghorofa ndizo zinazoonekana zaidi, nami siwalaumu wenye kuzijenga, kwa kuwa watu wa mji lazima walale mahali.

Jambo linalompasa mkulima kulijua juu ya mtaa huu ni udongo wake. Upande wa mashariki wa Nairobi, kuelekea Embakasi na mbuga za Athi, udongo ni mweusi, wenye kunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Lakini upande huu wa magharibi, toka Westlands hata Kabete, udongo ni mwekundu na wenye kina, ndio ule ule unaoota kahawa na chai ya Kiambu. Mwinuko ni karibu futi 6,000 juu ya bahari. Mbele kidogo ya Mountain View, katika Kabete, ndiko ziliko maabara za serikali za utafiti wa kilimo, ambako mkulima aweza kupeleka udongo wake upimwe. Na tangu enzi za ukoloni, zilipoitwa Maabara za Scott, kazi ya udongo imefanyika huko. Basi mahali hapa ni pema kwa maua, na hasa kwa dalia.

Ninaposema dalia sina maana ya ule unga wa manjano wenye manukato wanaojipaka akina mama wa pwani. Ninasema ua lililotoka Mexico. Mwaka 1789 mbegu zake zilipelekwa Hispania, nao mwaka 1791 mtaalamu mmoja wa mimea wa Madrid, Cavanilles, akaliita kwa jina la Anders Dahl, mtaalamu wa Uswidi aliyekuwa amekufa. Wako waliotumaini kwamba viazi vyake vingeliwa Ulaya kama viazi mbatata, maana vyalika, lakini watu hawakuvipenda ladha, wakabaki na maua. Mwaka 1963 serikali ya Mexico ililifanya kuwa ua la taifa.

Katika bustani ya shangazi zilikuwamo za namna tatu. Kulikuwa na za manjano, ndogo na za mviringo kama mipira ya watoto. Kulikuwa na nyeupe, pana kama sahani ya chai. Na kulikuwa na nyekundu, lakini wekundu ulioiva mpaka ukakaribia weusi, kama divai ya altare. Hizi nyekundu ndizo za mama. Alipewa kiazi kimoja na mwenzake wa kanisani mwaka 1994, akakipanda kwa wifi yake Mountain View kwa kuwa sisi wakati ule tulikuwa tukikaa katika chumba kimoja kisicho na hata futi moja ya ardhi. Kila Jumapili baada ya ibada tulikwenda kuzitazama. Mama alifariki mwaka 2016, na dalia zikaendelea kuchanua kana kwamba hakuna aliyeziarifu.

Sasa nitaeleza kosa langu, maana naamini wako wengi waliolifanya.

Mwaka 2020 nilipata nyumba ya kupanga yenye kipande cha ardhi nyuma yake, nikamwomba shangazi dalia chache. Alinipa vichala vitatu vya viazi, vikiwamo viwili vya zile nyekundu, nikavipanda mwezi wa Aprili, vikaota vizuri. Walakini mimi ni mtu wa vitabu. Katika shule ya misheni niliyosoma tulifundishwa kwamba jambo lolote likiwa limepigwa chapa ni la kuaminiwa kuliko maneno ya mdomo, nami nikanunua kwa muuza vitabu vya zamani kitabu cha bustani kilichoandikwa Uingereza. Kikasema kwamba dalia zing'olewe mwezi wa Novemba, baridi ya barafu ikiisha kuyaunguza majani, zihifadhiwe ndani wakati wa kipupwe, na kupandwa tena majira ya kuchipua.

Basi nikangoja Novemba. Ndugu msomaji, wajua Novemba ya Nairobi ilivyo. Mvua za vuli zilikuwa zinanyesha, na dalia zangu zilikuwa zimechipua upya, mbichi kabisa, zimejaa maji. Hapakuwa na barafu wala jani lililoungua. Lakini kitabu kilisema Novemba, nami nikang'oa. Nikaviosha viazi kama mtu aoshavyo viazi vya kupika, nikavikatakata kimoja kimoja kutoka katika shina, nikavitia katika mfuko wa plastiki, nikaufunga sana ili hewa isiingie, nikausukuma chini ya kitanda. Mwezi wa Januari mke wangu aliniuliza ni panya gani aliyekufa humo chumbani. Nilipoufungua ule mfuko sikukuta kiazi hata kimoja. Nilikuta uji mweusi wenye ukungu.

Shangazi hakunigombeza. Alisema tu, "Bado ninazo mbili." Maneno hayo yalinichoma kuliko ugomvi.

Kwa hiyo nilipofika Mountain View siku ya Jumamosi, 5 Agosti 2023, sikuchukua kitabu. Nilikwenda kumtafuta mzee anayetunza bustani ile. Mzee huyu ni mtu wa Murang'a anayekaa Kangemi, naye alikuwa amemfanyia shangazi kazi siku mbili kwa juma kwa muda wa miaka zaidi ya 20. Kabla ya hapo alifanya kazi katika bustani kubwa za Loresho na Lavington. Nyumba ikibomolewa kazi yake nayo imekwisha, ingawa asubuhi ile hakulitaja jambo hilo. Nilimwamkia, akaniitikia, akanitazama viatu, akacheka.

Nilimweleza habari ya kitabu na ya mfuko. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, hicho kitabu hakikukudanganya. Kilikuwa kikisema habari za kwao. Huko ni baridi inayoilaza dalia. Hapa kwetu ni ukavu."

Nimelifikiri neno hilo mara nyingi, na kila nilipolipima nimeona ni la kweli kuliko alivyojua mwenyewe. Dalia haikuzaliwa katika theluji. Kwao Mexico ni nchi ya juu, na mji wenyewe wa Mexico uko zaidi ya meta 2,200 juu ya bahari. Mvua hunyesha katika miezi ya katikati ya mwaka, kisha kutoka Novemba hata Aprili ardhi hukauka. Mmea hufa juu, na chini hubaki viazi vimelala na akiba yao mpaka mvua irudi. Usingizi wa dalia ni usingizi wa kiangazi. Watu wa Ulaya walipoichukua waliigeuzia kalenda, wakaila kiapo cha baridi kwa sababu ardhi yao huganda na kiazi kikiganda huoza. Katika Nairobi, ambako baridi ya Julai usiku hushuka mpaka kama digrii 11 tu, ardhi haigandi hata siku moja. Mwenye udongo mwekundu usiotuamisha maji aweza kuiacha dalia yake mahali pale pale mwaka hata mwaka, akate mashina yakinyauka, asiimwagilie, na mvua ikija itachipua. Ndivyo shangazi alivyofanya miaka 29. Hapakuwa na haja ya kung'oa isipokuwa kwa mambo mawili: kuzigawa zikisongamana, au kuhama.

Sisi tulikuwa tunahama.

Siku ile hatukuchimba. Mzee alichukua kisu, akakata mashina yote yakabaki urefu wa shubiri moja kutoka ardhini, akayafunika matundu yake kwa vipande vya karatasi ya nailoni na uzi. Shina la dalia ni mwanzi mtupu ndani. Likikatwa likaachwa wazi, maji ya mvua huteremka humo kama katika bomba mpaka penye shingo ya viazi, na hapo ndipo uozo huanzia. Akaniambia nirudi baada ya majuma mawili. Nilimwuliza sababu, akasema, "Ili macho yajionyeshe."

Hapa napenda mkulima anisikilize vizuri, kwa kuwa ndipo nilipokosea zaidi mwaka 2020. Kiazi mbatata kina macho mwili mzima, hivyo ukikikata vipande na kila kipande kikawa na jicho, utavuna. Kiazi kitamu hupandwa kwa marando yake, na muhogo kwa kijiti. Lakini kiazi cha dalia ni mzizi ulionenepa, nacho chenyewe hakina jicho hata moja. Macho yako juu tu, katika shingo, pale viazi vinapoungana na shina. Kiazi kikikatika shingoni, hata kikiwa kinene kama mkono wa mtoto, kitakaa ardhini mwaka mzima bila kuchipua. Mwaka ule nilivikata vyote bila shingo. Hata kama visingeoza chini ya kitanda, nisingepata ua.

Tarehe 19 Agosti nilirudi, na kaka yangu akaja kutoka Kinangop na gari la mizigo kwa ajili ya vyombo vya shangazi. Ndani ya nyumba watu walikuwa wakifunga sahani katika magazeti. Mzee nami tulikuwa bustanini. Alitumia jembe la meno, wala hakuanza karibu na shina, bali umbali wa futi moja kuzunguka pande zote, akilegeza udongo kidogo kidogo, kisha akaingiza jembe chini na kuinua. Hakuvuta shina hata mara moja. Kichala kikatoka kizima, chenye viazi kama 8 au 10, vyekundu kwa udongo, na juu ya shingo palikuwa na vidoti vidogo vya rangi ya waridi. Hayo ndiyo macho. Bila kuambiwa nisingeyatambua.

Tulipata vichala 9: vya manjano vinne, vyeupe vitatu, vyekundu viwili. Kimoja cha vyeupe kilikuwa kimeliwa nusu na fuko. Mnyama huyu, wasomaji wa nyanda za juu wanamjua kwa viazi na karoti, naye haoni tofauti kati ya chakula na pambo.

Vichala vya manjano na vyeupe tuliviacha vizima, tukavikung'uta udongo bila kuviosha. Vile viwili vyekundu mzee alivigawa kwa kisu kikali, kila kipande na kiazi chake, shingo yake na jicho lake, akapaka majivu mahali palipokatwa. Tulipata vipande 7. Tukavigeuza vyote juu chini, mashina yaelekee ardhini, katika kivuli cha baraza, ili maji yaliyomo yatoke.

Tulipokuwa tumekaa tukingoja chai, mzee alisema, kwa sauti ya mtu anayesema habari ya hali ya hewa, "Ningependa kimoja."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia. Alisema hana shamba Kangemi, ana mlango tu na mahali pa kuweka debe, lakini amezizoea. Nakiri kwamba nilisita. Vipande 7 vilikuwa ndivyo vyote vilivyobaki duniani vya dalia ya mama yangu, nami nilikuwa nimekwisha kuvipangia mahali katika akili yangu. Shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, alinitazama. Nikachagua kimoja nikampa, na kwa kuwa nimeamua kusema kweli katika makala hii, sikuchagua kilicho kikubwa.

Vilivyobaki vilikwenda Kinangop juu ya gari, katika makreti mawili ya soda yaliyotandikwa magazeti, nami nikiwa nimeketi kando yake. Njia hupita Limuru na Rironi, kisha kwenye daraja liitwalo Flyover mtu hukata kuelekea Njabini, na baridi huongezeka kila kilometa. Nyumbani kwa kaka ni zaidi ya futi 8,000. Huko ndiko Kenya inakokaribia kipupwe cha vitabuni: katika Januari na Februari, usiku ukiwa hauna mawingu, jalidi huanguka, yaani ile baridi iachayo chembe nyeupe za barafu juu ya majani, na asubuhi viazi mbatata huwa vyeusi kama vimemwagiwa maji ya moto.

Kaka, ambaye si mtu wa maua, alitoa shauri lililotuokoa. Nilitaka tupande Oktoba kwa mvua za vuli. Yeye akauliza, "Zitachanua lini?" Nikahesabu miezi mitatu, ikaangukia Januari. Akasema, "Basi unazipandia jalidi." Ni kweli kwamba ardhi ya Kinangop haigandi, na kiazi kilichomo chini hakifi, lakini mche mchanga ukiunguzwa majani yake siku za kuchanua, hulazimika kuanza upya kwa akiba ya kiazi kilichokwisha kukonda. Tukakubaliana kuzilaza mpaka masika. Hivyo kwa mara ya kwanza katika maisha yake dalia ya Mountain View ilihifadhiwa ndani, miezi 7, kama ile ya Uingereza.

Tuliomba maranda kwa seremala wa Njabini, makavu kabisa, tukatandika chini ya kreti kimo cha inchi mbili, tukapanga viazi visigusane, tukafunika kwa maranda tena. Hatukutia plastiki popote. Makreti yakawekwa katika ghala ya mahindi, juu ya mbao, mbali na ukuta, na juu yake wavu wa waya kwa ajili ya panya. Kiazi cha dalia chataka mahali pakavu, penye giza, na baridi ya kama digrii 5 hadi 10. Chumba changu cha Nairobi chenye bati juu yake kingevipasha moto mchana, vikasinyaa au vikachipua kabla ya wakati. Ghala ya Kinangop ilikuwa na baridi ya kufaa bila gharama. Baridi ile ile ambayo ingeyaua majani shambani ndiyo iliyovitunza viazi ndani.

Kila mwisho wa mwezi shangazi alifunua na kuvipapasa kimoja kimoja. Kilicholainika alikikata mpaka penye nyama nyeupe na kukipaka majivu, au akakitupa. Mwezi wa Desemba aliona vingine vimekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua nguo, akanyunyiza maji kwa mkono juu ya maranda, machache sana. Tulipoteza kichala kimoja cheupe, kile cha fuko, na kipande kimoja chekundu. Vyekundu vikabaki 5.

Wakati wa Pasaka, mwisho wa Machi 2024, nilikwenda kupanda. Za manjano na nyeupe nilizipanda katika matuta kando ya uzio, kiazi kimelazwa ubavu, jicho juu, kina cha kitanga cha mkono, na mti wa kuegemezea ukitangulia kuchomekwa ili usije ukakitoboa kiazi baadaye. Sikuzimwagilia, maana kiazi kisicho na majani hakinywi, huoza. Hayo yote niliyafanya kwa utaratibu. Lakini zile nyekundu nilitaka shangazi azione kutoka dirishani kwake akiamka. Mbele ya dirisha lile ardhi imebonyea kidogo, na udongo ulikuwa mweusi, laini na mzuri kwa macho. Kaka alisema, "Hapo maji hukaa." Nilimjibu kwamba nitaweka mbolea zaidi, kana kwamba nilikuwa nimeulizwa habari ya mbolea.

Wasomaji wanakumbuka masika ya mwaka 2024. Mvua ilinyesha Aprili yote na kuingia Mei. Nairobi mito ilivunja kingo zake, watu wakahama nyumba zao, na alfajiri ya 29 Aprili maji yaliporomoka karibu na Mai Mahiu, chini ya milima yetu ile ile, yakaua watu wengi. Mbele ya msiba kama huo ni aibu kulia kwa ajili ya ua. Hata hivyo nitaandika yaliyotukia. Maji yalisimama mbele ya dirisha la shangazi muda wa majuma matatu. Nilipofukua mwezi wa Mei nilikuta vile viti nilivyochomeka na alama ya vibao vyangu, na chini yake uji mweusi, ule ule wa mwaka 2020. Vyote 5. Za matutani ziliokoka karibu zote, na mwezi wa Julai zilichanua njano na nyeupe mpaka wapita njia wakasimama.

Tarehe 1 Juni, siku ya Madaraka, ofisi zikiwa zimefungwa, nilishuka Kangemi. Sikumwambia shangazi. Nilitembea kwanza mpaka Mountain View, nikaona mabati yamezungushwa mahali palipokuwa na michongoma, na nyuma yake nguzo za zege zimefika ghorofa ya pili. Kisha nikarudi nikiuliza njia, mpaka nikafika mlangoni kwa mzee.

Debe lilikuwa juu ya mawe matatu, chini ya ukingo wa paa, limetobolewa matundu mengi kwa msumari. Mvua yote ile ilikuwa imepita mbele yake na kuchuruzika chini. Hakukihifadhi kile kiazi mahali popote. Alikitia katika udongo mkavu siku ile ile ya Agosti, akakiacha bila maji, kikalala, na kilipoanza kuchipua Novemba akaanza kukinywesha. Kilikuwa kimechanua mara ya kwanza Februari. Sasa kilikuwa na maua mawili na tumba tano, na rangi ilikuwa ile ya divai.

Mzee alitoa kiti. Nilimweleza habari ya dirisha na maji, akatikisa kichwa, wala hakuniuliza ni nani aliyechagua mahali. Nilitaka kumwomba nikashindwa jinsi ya kuanza, nikikumbuka kile kipande kidogo nilichomchagulia. Akaniambia mwenyewe, "Usiiguse sasa. Iache imalize. Mwezi wa nane mashina yakinyauka tutayakata, tungoje majuma mawili, halafu tutaona ina macho mangapi."

Nilirudi tarehe 24 Agosti na kreti. Ilikuwa na macho 6. Yeye alibaki na mawili debeni, nami nikachukua manne, na jioni ile nilipokuwa kituoni nikingoja gari la Njabini nilimpigia shangazi simu nikamwambia asimruhusu kaka kulima penye lile tuta la juu, karibu na uzio.